Miang kham: tonge ambalo mgeni hulifunga mwenyewe

Sinia lilifika kabla ya hesabu. Tulikuwa uani kwa watu, Thonburi, ng'ambo ya mto Chao Phraya, mimi na shangazi yangu, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akifuata nguo Pratunam, jijini Bangkok, na kuzishusha Kariakoo. Mwenye nyumba alikuwa fundi cherehani aliyemrekebishia mizigo, na wawili hao walikuwa na deni dogo la kumalizana. Daftari lilikuwa mezani, limefungwa. Mbele yake likawekwa sinia: vibakuli saba vimekizunguka kibakuli cha mchuzi mzito wa rangi ya kahawia, na pembeni rundo la majani mabichi yenye umbo la moyo, yamefutwa maji moja moja mpaka yanang'aa.

Mama yule tulimwita Pa, kama mtaa mzima ulivyomwita. Kwa Kithai ndiye mama mkubwa, dada mkubwa wa baba au wa mama. Alichukua jani moja, akalikunja chini likawa kama ile karatasi anayofungia muuza karanga. Akanionyesha, akalikunjua, akalirudisha kwenye rundo. Hakunifungia. Alikaa akanisubiri.

Mkono wangu ulijua la kufanya. Utotoni, Tanga, nilikuwa nakaa miguuni pa bibi nikimtazama akitengeneza tambuu: chokaa kwa ncha ya kidole, popoo iliyokatwakatwa, katu kidogo, iliki, kisha kunja huku, kunja huku, bana. Nikalikunja jani la Pa vivyo hivyo, nikatia vitu ndani, nikadondoshea mchuzi, nikabana, nikalitia lote mdomoni. Pa alipiga kofi la furaha, akamwambia shangazi maneno, na shangazi akanigeukia: "Anauliza nani kakufundisha."

Kile chakula ni miang kham, na tangu siku ile nimekuwa nikisoma kila ninachokipata juu yake. Kinachonisumbua ni kwamba karibu kila anayekieleza anaeleza ladha, na akimaliza ladha anaona amemaliza. Mimi naona ladha ni nusu ya habari. Nusu nyingine iko kwenye lile jani alilolikunjua Pa akalirudisha kwenye rundo: hiki ni chakula ambacho mwenyeji anakiandaa kwa saa nyingi, kisha anakataa kukimaliza, ili mgeni akimalize kwa mkono wake.

Kwanza jina. Neno kham, kwa Kithai, ni tonge, kiasi kinachojaza mdomo mara moja. Neno hilohilo, kwa tahajia hiyohiyo, maana yake pia ni neno, kama tunavyosema neno moja au maneno mawili. Sidai kuwa waliokipa chakula hiki jina walikusudia mchezo huo wa maana, lakini ukila unaona jinsi maana hizo mbili zinavyokaa pamoja. Tonge la miang kham haling'atwi nusu. Ukiling'ata nusu, mchuzi unakumwagikia na karanga zinaanguka. Lazima liingie zima, na likiwa mdomoni huwezi kusema kitu. Watu watatu mezani wanatafuna kimya, wanatazamana, na anayemeza wa kwanza ndiye anayeanza kuzungumza.

Neno miang lina safari ndefu zaidi. Kaskazini mwa Thailand, kwenye milima inayozunguka Chiang Mai na Nan, na ng'ambo ya mpaka huko Laos, miang ni majani ya chai. Si ya kunywa, ni ya kutafuna. Majani ya mchai wa porini huchumwa, hufungwa vitita, hupikwa kwa mvuke, kisha hushindiliwa na kuachwa yachachuke. Yakiiva, mtu huchukua kidonge cha majani hayo, akatia chembe za chumvi na kipande cha tangawizi, akakiweka shavuni baada ya chakula au katikati ya kazi. Yanachangamsha mwili kama chai inavyochangamsha. Mgeni akifika nyumbani alipewa maji na miang. Majirani wao wa Myanmar wana majani ya namna hiyo, wanayaita lahpet, nao huyaweka kwenye chombo chenye vyumba vyumba: majani katikati, na kandokando kitunguu saumu kilichokaangwa, karanga, ufuta, kamba wakavu. Ukikitazama chombo hicho kisha ukalitazama sinia la Pa, unaona ni ndugu.

Ipo simulizi inayorudiwa sana kuwa miang kham iliingia ikulu ya Siam, jina la zamani la Thailand, kwa mkono wa Dara Rasmi, binti wa mtawala wa Chiang Mai, aliyepelekwa Bangkok mwaka 1886 kuwa mmoja wa wake wa mfalme Chulalongkorn. Mama huyu si mtu wa kupuuzwa. Ndani ya ikulu ile, yeye na wasichana wake waliendelea kuvaa nguo za kaskazini na kufuga nywele ndefu, wakati wanawake wa Bangkok walikuwa wakikata fupi. Mtu anayeshikilia vazi la kwao namna hiyo ataacha vipi chakula cha kwao? Simulizi hiyo naikubali nusu. Naikubali kwa upande wa heshima aliyokipa chakula cha kaskazini mbele ya watu waliokuwa wakiwaona watu wa kaskazini kama washamba. Siikubali inapotumika, kama inavyotumika siku hizi, kufanya kila kitu kizuri cha Thailand kionekane kimezaliwa ikulu. Wachuma majani wa milimani walikuwa wakifunga tonge na kumpa mgeni bila kumsubiri mfalme.

Sasa jani. Linalotumika sana leo kwenye miang kham ni chaphlu. Liko jamii moja na pilipili manga, na jamii moja na jani letu la tambuu, ambalo Wathai wanaliita phlu. Hata kwa macho unaweza kuyachanganya. Tofauti unaijua ukitafuna: tambuu huwasha na kuacha ganzi kidogo ulimini, chaphlu ni laini, lina uchungu mdogo wa majani na harufu ya pilipili ya mbali. Zamani, hasa maeneo ya kati, wengi walitumia jani changa la mti uitwao thonglang, na wapo wanaofungia kwenye petali za yungiyungi, za waridi mpauko, ambazo zinapendeza sana machoni ila hazina ladha ya kutosha kubeba mchuzi. Hayo ni maoni yangu.

Undugu huu wa jani ndio unaonifanya nisikubali tafsiri ya "chakula cha kuanzia", ambayo utaikuta kwenye menyu nyingi za migahawa ya Kithai nje ya Thailand. Mlo wa Kithai hauna cha kuanzia wala cha kumalizia. Wali unakaa katikati na vyote vingine vinafika pamoja. Vitu vinavyoliwa na wali vinaitwa kap khao, yaani vya kuliwa na wali, na msomaji wa Kiswahili haelezwi zaidi ya hapo kwa sababu sisi tuna neno kitoweo. Miang kham si kitoweo. Iko kwenye kundi la ahan wang, na wang ni nafasi, uwazi, wakati usio na kazi. Ni chakula cha muda ulio kati ya milo: jua limepinda, mtu amepita kusalimia, chakula cha usiku bado. Mgahawa unapokiweka juu ya orodha, kabla ya supu, unakigeuza kuwa mlango wa kitu kingine. Uani kwa Pa hakikuwa mlango wa kitu chochote. Hatukula chochote baada yake.

Ukiuliza ni kitu gani kilichokuwa kikishika nafasi hiyo katika nyumba za Siam ya zamani, saa hiyohiyo, kwa mgeni yuleyule, jibu ni tambuu. Mtu hakuanza maneno na mgeni kabla ya kumsogezea kisanduku cha majani, popoo na chokaa. Kisanduku hicho kiliitwa chian mak, na cha wakubwa kilikuwa cha fedha au dhahabu na kilionyesha cheo cha mtu. Mak ni popoo. Mpaka leo maandamano ya bwana harusi wa Kithai kwenda kwa bi harusi yanaitwa khan mak, bakuli la popoo, na bakuli lenyewe hubebwa mbele likiwa na popoo na majani ya phlu. Ndugu za bi harusi hufunga njia kwa mnyororo wa dhahabu au kwa mkanda, bwana harusi akatoa bahasha ndipo apite. Msomaji wa Mombasa, Unguja au Tanga anayejua kifungua mlango atakuwa anatabasamu hapa.

Desturi hiyo ilitanda bahari nzima. Wamalay na Waindonesia wanaiita dibaji ya kitabu sekapur sirih, yaani tambuu moja, kwa sababu ndiyo inayotangulia maneno. Na sisi tulikuwa na neno letu. Kabla uraibu haujawa jina la kushikwa na pombe au dawa za kulevya, uraibu lilikuwa jina la vile vitu vya tambuu: jani, popoo, chokaa, tumbaku, katu. Kumwekea mgeni uraibu ilikuwa heshima. Vilikaa kwenye kijaluba, na kijaluba kilikaa karibu na mama wa nyumba. Nalitaja hili kwa sababu kamusi zetu zimebeba ushahidi wa adabu ambayo vijana wengi hawakuiona, na neno lenyewe limegeuka kuwa la hospitali.

Thailand haikuachia desturi yake ife polepole. Iliiua kwa amri. Mwaka 1939 nchi ilibadilishwa jina kutoka Siam kuwa Thailand, na kati ya mwaka huo na 1942 serikali ya waziri mkuu Plaek Phibunsongkhram ilitoa amri 12 za utamaduni, zikiwaagiza wananchi wavae vipi, wazungumze vipi, waisalimu bendera vipi. Katika kampeni hiyohiyo watu waliambiwa wavae kofia, na kutafuna tambuu kukapigwa marufuku. Meno mekundu na mate mekundu barabarani yalionekana kuwa aibu mbele ya wageni wa Ulaya. Mipopoo ikakatwa, mashamba ya phlu yakang'olewa. Kizazi kimoja tu, na kijana wa mjini akaanza kuona haya bibi yake akitema mbele ya wenzake.

Sisemi kuwa miang kham ilizaliwa siku ile. Ilikuwepo kabla. Ninalosema ni kwamba baada ya tambuu kufukuzwa sebuleni, mwendo wa mkono haukufukuzwa. Jani la jamii ileile, limekunjwa kwa namna ileile, limejazwa vitu vidogovidogo kutoka kwenye vyombo vidogovidogo, limesogezwa kwa mgeni saa ileile, na likiingia mdomoni linaingia zima. Amri ya serikali inaweza kukataza popoo. Haiwezi kuwakataza watu kupokea wageni, na watu wakitaka kupokea wageni watatumia vidole walivyonavyo. Na nikiri jambo ambalo mpenzi wa mila hapendi kulisikia: kiafya, waliobaki na miang kham wamepata bahati. Shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwaka 2004 ripoti kuwa popoo yenyewe, hata bila tumbaku, inasababisha saratani. Bibi yangu hakujua. Miang kham imetunza ile heshima, sumu ikabaki nje.

Pa alipoelezwa kuwa nimefundishwa na bibi yangu aliyekuwa akitafuna tambuu, aliondoka bila kusema kitu. Akarudi na kisanduku cha shaba chenye vyumba, kimechakaa pembeni, cha mama yake. Alikifungua akanisogezea. Ndani ya chumba cha popoo kulikuwa na vifungo. Ndani ya chumba cha chokaa, sindano zimechomekwa kwenye kitambaa. Jani lilipokuwa likikaa, rili tatu za uzi mwekundu.

Nirudi kwenye ladha, kwa kuwa nimeiita nusu ya habari na nusu si kidogo. Ndani ya vile vibakuli saba kulikuwa na nazi iliyokatwa vijiti vyembamba na kukaangwa kavu mpaka ikawa ya dhahabu; karanga za kukaanga; kamba wakavu, wakubwa kidogo kuliko uduvi wetu; tangawizi; vitunguu vidogo vyekundu; ndimu; na pilipili zile ndogo kali ambazo jina lake la Kithai ni mavi ya panya, kwa umbo lake. Kwa anayeuliza kabla hajaonja: hakuna nyama humo. Tangawizi, kitunguu na ndimu vimekatwa vipande sawasawa, ukubwa wa kunde, na ndimu imekatwa pamoja na ganda lake. Ganda hilo ndilo linalowashinda wageni wengi. Wanachomoa. Ukilichomoa unabaki na uchachu peke yake, na chakula kinakuwa cha kitoto. Uchungu wa ganda ndio unaouzuia utamu wa mchuzi usitawale.

Mchuzi, nam miang, ndio kazi yenyewe. Uduvi uliosagwa kwa chumvi na kuchachushwa hubanikwa mpaka utoe harufu. Khulinjani, yule jamaa wa tangawizi anayeuzwa kwetu na wauza dawa za Kiarabu, hukatwa na kuchomwa kidogo. Mchaichai huongezwa na wengine. Vyote vinatwangwa, vinatiwa kwenye sufuria na sukari ya mnazi na maji ya samaki wa kuchachusha, vinachemshwa taratibu mpaka vivute kama asali, kisha nazi na kamba waliotwangwa vinaingia mwishoni. Ukikosea moto, sukari inaungua na uduvi unanuka. Pa aliniambia, kwa mdomo wa shangazi, kwamba alianza alfajiri. Tulifika saa tisa alasiri.

Na sukari yenyewe ina historia ambayo mtu wa pwani anapaswa kuijua. Mkoani Samut Songkhram, kusini magharibi mwa Bangkok, mto Mae Klong unapokaribia bahari, kuna wagema kama wa kwetu. Wanapanda mnazi asubuhi na jioni, wanakata ncha ya karara, wanafunga chombo. Tofauti iko ndani ya chombo. Mgema wa kwetu anaacha maji yale yachachuke yawe tembo. Mgema wa Samut Songkhram anatia vipande vya mti uitwao phayom ili yasichachuke, anayashusha yakiwa matamu, yanamiminwa kwenye karai kubwa juu ya moto, yanachemka mpaka yanakuwa mazito, kisha yanapigwa kwa nguvu mpaka yanapauka na kuganda. Mnazi uleule, kisu kilekile, mtu aliyening'inia juu vilevile. Sisi tumepata tembo na ugomvi wa jioni, wao wamepata sukari. Nimeuliza watu wengi wa Tanga na Pemba kwa nini hatukuishika njia hii kwa wingi, na sijapata jibu linaloniridhisha.

Pilipili na karanga, kwa upande mwingine, si za asili Asia wala kwetu. Zimetoka Amerika, na zilisambaa baada ya Wareno kufika pande zote hizi: walikuwa Malindi mwaka 1498, Kilwa na Mombasa wakapashambulia mwaka 1505, na mwaka 1511 mjumbe wao alikuwa Ayutthaya, mji mkuu wa Siam wa wakati huo. Chakula kinachouzwa leo kama roho ya Thailand ya kale kina vitu viwili kati ya saba vilivyofika kwa jahazi la wageni. Hilo halinipunguzii heshima yake hata kidogo. Sinia la vibakuli linafaa hasa kwa hilo: kikija kitu kipya, unaongeza kibakuli.

Hapo ndipo ninapogombana na maelezo ya "uwiano wa ladha". Utasoma kila mahali kuwa miang kham ni mfano wa falsafa ya Kithai ya kusawazisha tamu, chachu, chumvi, kali na chungu, pamoja na ile ladha ya mafuta ya nazi na karanga ambayo Wathai wana neno lake, man. Ladha zote zipo, ni kweli. Lakini uwiano haupo kwenye sinia. Kwenye sinia kuna vitu vimekaa mbalimbali, kila kimoja kikali kwa namna yake. Anayesawazisha ni wewe, na tonge la kwanza huwa si sawa. La kwanza langu lilikuwa na tangawizi nyingi. La pili nilitia mchuzi mwingi kwa kuogopa pilipili, likawa kama kashata. La tatu nikaruka ndimu, na Pa, aliyekuwa akizungumza na shangazi upande wa pili, akasogeza kibakuli cha ndimu karibu na mkono wangu bila kunitazama. Hakunisahihisha kwa mdomo. Tonge la nne lilikuwa zuri, na nilijua kuwa ni zuri kwa sababu nilikuwa nimeyala yale matatu.

Mpishi wa mchuzi wa kawaida ana mamlaka yote: anaonja yeye, anaamua yeye, wewe unapokea. Kwenye miang kham mamlaka hayo yanahamishwa mezani. Mzee asiye na meno anaruka karanga. Mtoto anaruka pilipili. Mjamzito anaweza kurundika ndimu atakavyo. Hakuna anayeulizwa kwa nini. Nimekaa kwenye meza nyingi za kwetu ambako kutokula kitu kimoja kunageuka kesi, mwenyeji anahisi ametukanwa, mgeni anajieleza mpaka anachoka. Sinia la namna hii linamwondolea mgeni aibu kabla haijaja, na nadhani hiyo ndiyo akili kubwa kuliko zote iliyomo ndani yake.

Kwa sababu hiyo naona hasara kwenye jinsi kinavyosafirishwa. Serikali ya Thailand ilianza mwaka 2002 kampeni ya kueneza migahawa ya Kithai duniani, na imefanikiwa mno. Supu yao ya kamba, tom yum kung, iliingizwa mwaka 2024 kwenye orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika. Nafurahi nao. Lakini chakula kinachovuka bahari kwa njia ya mgahawa ni chakula kinachoweza kutoka jikoni kimekamilika. Supu inaweza. Tambi za kukaanga zinaweza. Miang kham, ili iweze, inabidi ifungwe jikoni, ichomekwe kijiti, ipangwe kwenye sahani nyeupe matonge manne yanayolingana, na nukta ya mchuzi juu ya kila moja. Nimeiletewa hivyo kwenye mgahawa mmoja wa jiji kubwa nje ya Thailand. Ilikuwa tamu. Nilikula matonge yote manne kwa dakika mbili huku nikizungumza na jirani yangu habari nyingine, na sikumbuki tulizungumza nini.

Najua jibu la wenye migahawa, na lina uzito. Watasema kuwa hata Bangkok wachuuzi wa barabarani huyauza yakiwa yamefungwa, matatu au manne kwenye kijiti. Kweli. Lakini mchuuzi anamfungia mtu aliye njiani, mkono mmoja una mfuko, mwingine unashika bomba la basi. Anamsaidia mpita njia. Hampokei mgeni. Mchuuzi huyohuyo, siku ya mapumziko nyumbani kwake, atatoa vibakuli. Mgahawa una meza, una viti, una saa nzima ya mteja. Unachokosa ni subira ya kumwacha mteja akosee tonge la kwanza. Watasema pia kuwa wateja hawajui kukunja. Mimi Pa alinionyesha mara moja tu, mkono ukajua, na wasomaji wangu wa pwani, wengi wao, wangelikunja wakiwa wamefumba macho.

Nililijaribu hilo nyumbani. Jani la chaphlu Tanga sikulipata, nikatumia majani machanga kabisa ya tambuu kutoka kwa muuzaji wa sokoni, yale madogo ambayo hayajaanza kuwasha sana. Wapo watakaosema nimeharibu. Naona jani linaweza kubadilika, kama lilivyobadilika kutoka chai kwenda thonglang na kutoka thonglang kwenda chaphlu. Kwa mchuzi nilitumia sukari guru na uduvi, na khulinjani nilimkuta kwenye duka la dawa za asili, mkavu, nikamloweka usiku. Nazi nilikata kwa kisu badala ya kuikuna kwenye mbuzi, jambo lililomshangaza mama mpaka alipoiona ikikaangwa. Nikavipanga vibakuli kwenye sinia lake la shaba, nikamwekea majani pembeni, nikakaa.

Mama aliangalia sinia, akaniangalia. Hakuuliza kinaliwaje. Alichukua jani, akalipangusa kwa khanga kama mama yake alivyokuwa akipangusa, akatia nazi, karanga, kamba, vipande viwili vya tangawizi, mchuzi, akalikunja huku na huku akabana. Akalileta karibu na mdomo, akasita, akalikunjua, akaongeza ndimu.